Msumeno Unaolia Usiku: Siku Sita za Kumtafuta Chui Nanyumbu

Nafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari hapa Mtwara mjini. Mwaka jana, tulipofika kwenye uainishaji wa wanyama, nilibandika ubaoni picha mbili, moja ya chui na nyingine ya duma, nikauliza yupi ni yupi. Darasa likagawanyika nusu kwa nusu. Kijana mmoja wa nyuma akasema kwa uhakika kabisa: "Madam, chui yuko Serengeti. Huku kwetu hakuna."

Nilimrekebisha. Nikawaonyesha michirizi miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni mwa duma kama machozi, ambayo chui hana. Nikawaonyesha madoa: ya duma ni matone yaliyojaa, ya chui ni vikundi vya madoa vilivyojipanga kama ua, katikati pana rangi ya ngozi. Nikawaambia chui yuko Nanyumbu, yuko Liwale, yuko Kilwa. Lakini usiku nilipokuwa nasahihisha madaftari nilijiuliza swali ambalo hawakuniuliza. Mimi nimezaliwa Masasi, nimekulia Masasi, nimesoma wanyama chuoni miaka mitatu. Je, nimewahi kumwona? Sijawahi. Chui ninayemjua ni wa kwenye kitabu na wa kwenye kitenge.

Ndipo nilipoamua kuwapeleka. Na kwa kuwa watoto wa watu hawapelekwi porini kwa kubahatisha, nikaamua kutangulia mwenyewe wakati wa likizo ya Juni, nikapime barabara, nikaone mahali pa kulala, nikajue kama kweli chui anapatikana. Wengi waliniambia nichague Seronera, kule Serengeti, ambako chui hulala mchana kwenye matawi kando ya mto na magari humwona bila shida kubwa. Ni kweli. Lakini kutoka Mtwara mpaka Seronera ni kuvuka nchi nzima, na mtoto atakayemwona chui kule atarudi akiamini maneno ya yule kijana wa nyuma. Nilifikiria pia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Selous, ile ambayo wazee wa Liwale na Kilwa mpaka leo wanaiita Shamba la Bibi. Hiyo niliiweka akiba. Nilichotaka kujaribu kwanza ni pori letu wenyewe la mkoa wa Mtwara: Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, wilayani Nanyumbu, kilomita za mraba 444, kusini kabisa, ukingoni mwa mto Ruvuma.

Siku ya kwanza, Jumatatu: Mtwara hadi Masasi

Tuliondoka saa kumi na mbili kasoro alfajiri, mimi na dereva, kwenye Land Cruiser ya kukodi. Mikindani ilikuwa bado inafungua macho, wavuvi wanashusha samaki, na wauza vitumbua wameshaweka karai jikoni. Tukapita Mnazi Mmoja, tukapita Nyangao penye mahindi ya kuchoma na miwa, na kabla ya Ndanda gari likaanza kuvuta upande mmoja. Pancha. Hilo si tatizo, tatizo ni kwamba tairi la akiba tulilopewa lilikuwa limekwisha kabisa, waya zimetokeza nje. Mwenye gari alikuwa ameniapia kwamba kila kitu kimekaguliwa.

Saa mbili nzima tulikaa kwa fundi pale Ndanda. Nilikasirika, kisha nikashukuru kwamba limetokea kwenye lami, nikiwa na dereva tu. Hebu fikiria gari lile limebeba watoto kumi, liko kilomita nyingi ndani ya pori, jua linazama. Kwenye daftari langu la mpango, mstari wa kwanza kabisa nilioandika safari hii haukuhusu chui. Uliandikwa: magari mawili, tairi mbili za akiba kila gari, na nizishike kwa mikono yangu kabla ya kulipa.

Kando ya barabara watu walikuwa wanafyeka na kupalilia mikorosho, wengine wameshaanza kutafuta salfa ya kupulizia. Mwezi wa sita ni mwezi wa kutoa pesa shambani, haujawa wa kupata. Nikaona kosa jingine kwenye mpango wangu: nilikuwa nimeandika kwamba wazazi watachangia Mei. Mei mzazi wa Tandahimba au Newala atatoa nini? Michango inabidi ikusanywe Novemba, minada ya korosho ikiwa imechangamka, ikae benki mpaka Juni. Nikafuta, nikaandika upya hapo hapo kwenye benchi la fundi.

Tuliingia Masasi jioni, milima ya mawe imeshika rangi ya machungwa. Nililala kwa Mama.

Siku ya pili, Jumanne: Masasi, kwa Mjomba

Siku hii sikuipanga iwe ndefu. Nilikuwa nimekuja kumwomba Mjomba aende nami, basi. Yeye ni kaka yake Mama, ana miaka sabini na ushee, na sisi Wamakua mjomba si mtu wa kumpitia mlangoni ukiwa na safari kubwa. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unakwenda kumtafuta chui. Amekukosea nini?"

Nikamweleza habari za wanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akaniuliza: "Utamtafuta kwa macho au kwa masikio?"

Sikumwelewa. Akaweka mpini chini.

Mjomba ujana wake wote alikuwa mpasua mbao. Sikuwahi kumwuliza sana habari za kazi ile. Kwetu ilikuwa kazi tu, kama kazi nyingine. Walikuwa wakipiga kambi wiki tatu, nne, mwezi, kwenye miombo huko kusini, wakipasua mninga na mkongo kwa msumeno wa watu wawili. Gogo linapandishwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu, mwenzake anaingia chini. Wa chini ndiye anayekula unga wa mbao. Mjomba alikuwa wa chini.

"Usiku mmoja," akasema, "moto umefifia, tumelala. Nikasikia msumeno. Unavuta, unarudi. Unavuta, unarudi. Nikasema moyoni, wapasuaji gani hawa wanaofanya kazi usiku wa manane, tena gizani? Nikajiinua niwaite. Mwenzangu akanifunika mdomo kwa kiganja. Akaninong'oneza: huyo hana mwenzake wa chini."

Mwili ulinisisimka. Darasani huwa nasema: sauti ya chui ni mkoromo wa kukwaruza, hurudiwa mara kadhaa mfululizo, hutumika kuwatangazia chui wengine kwamba eneo lina mwenyewe na pia kuitana dume na jike. Nimeyasema hayo miaka sita. Sikuwahi kueleza kwamba sauti ile ina kwenda na kurudi kwa sababu chui hutoa sauti anapopumua nje na anapovuta pumzi ndani, kama meno ya msumeno yanavyouma yakishuka na kuimba yakipanda. Mzee aliyeishia darasa la nne alinipa maelezo ya kuingia akilini kuliko yangu yote.

"Simba unaweza kumwona kwa macho," Mjomba akaendelea, "anajiona ni mfalme, analala njiani. Chui hapana. Chui akikuona wewe kwanza, imekwisha. Na siku zote yeye ndiye anayekuona kwanza. Msikie kwanza, ujue amelala upande gani, ndipo uanze kuangalia."

Nilifungua daftari nikaangalia ratiba niliyokuwa nimeipanga: kuingia porini saa tatu asubuhi, kuzunguka kwa gari mpaka saa kumi, kutoka. Ratiba ya mtu anayekwenda kuangalia twiga. Nikaichora mstari mrefu.

Mjomba akakubali kwenda. Shangazi akatufungia mhogo mkavu, karanga na dagaa.

Siku ya tatu, Jumatano: Nangomba hadi Mpombe

Kutoka Masasi ni lami ya barabara ya Mangaka mpaka Nangomba, kisha unaacha lami na kushika njia ya vumbi kuelekea Mpombe, kijiji kilicho karibu na lango la pori. Vibali nilikuwa nimeshughulikia mapema. Ushauri wangu kwa mwalimu mwingine yeyote: usiandike barua ukakaa kusubiri. Nenda mwenyewe ofisi za TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kwa sababu mapori ya akiba yako chini yao, hayako chini ya hifadhi za taifa. Eleza mnakwenda wangapi na tarehe zipi, upewe namba ya malipo, ulipe, uhifadhi stakabadhi. Na zingatia tarehe. Msimu wa uwindaji wa kitalii unafunguliwa Julai, na hapo si wakati wa kuzunguka na watoto. Masika yanaisha kati ya Aprili na Mei, njia zinakauka taratibu. Ukitoa hayo yote na ukaweka likizo ya shule, unabakiwa na wiki kama tatu tu za mwezi Juni. Dirisha lenyewe ni jembamba hivyo.

Nilitaka tupite Mpombe haraka. Mjomba akakataa. Akasema hatuwezi kupita kijijini kwa watu na kwenda kuangalia mnyama anayekula mifugo yao kama vile hakuna mtu pale. Tukaenda ofisi ya kijiji, tukasaini kitabu cha wageni, tukasema kilichotuleta. Mwenyekiti akamwita mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo.

Mama yule alipoteza mbuzi wawili mwezi wa tatu, usiku mmoja. Banda lake ni la miti, halina paa. Chui aliruka juu akaingia, na aliweza kutoka na mbuzi mdomoni. Mbuzi wa pili aliachwa ndani, ameng'atwa kooni. Mbwa wa jirani alikuwa ameshachukuliwa wiki moja kabla. Mama alitoa taarifa, akaandikwa jina, akaambiwa asubiri kifuta jasho. Serikali inakiita hivyo, kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa na wanyama, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kufa. Nilipomwuliza kama kimefika, akatikisa kichwa.

"Na wewe mwalimu unamtafuta ili ufanye nini?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Nikamwambia nataka watoto wa mkoa huu wamjue. Akanyamaza kidogo, akasema: "Waje basi na kwangu, nao waone banda."

Nimeliweka hilo kwenye mpango na halitoki. Nusu siku Mpombe, wanafunzi wakae na wenye mifugo, na kama wazazi wataniunga mkono tununue mabati na nyavu, vijana wasaidie kuezeka mabanda mawili matatu. Chui huingia palipo wazi juu; banda lenye paa imara linamwokoa mbuzi, na kwa kweli linamwokoa chui pia, kwa sababu mtu aliyepoteza mbuzi wawili usiku mmoja ndiye anayetega waya asubuhi. Chakula cha kambi nacho kinunuliwe hapa hapa, unga, kuku, mboga. Nilikuwa nimepanga kubeba kila kitu kutoka Mtwara sokoni. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Siku ya nne, Alhamisi: ndani ya pori

Askari wanyamapori wawili walitupokea langoni, bunduki begani. Mmoja ni kijana, mwingine mtu mzima aliyekaa kusini muda mrefu na anayazungumza mambo ya pori kwa sauti ya chini hata akiwa ofisini.

Kitu cha kwanza alichoniambia: "Mwalimu, hiyo sweta vua."

Nilikuwa nimevaa sweta ya shule, ya bluu iliyoiva. Sikufika hata dakika kumi ndani ya miombo nikajua kwa nini. Mbung'o wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na wanauma juu ya nguo kana kwamba huna nguo. Najua mbung'o wanavyotegwa kwa vitambaa vya bluu, nimefundisha, na bado nilivaa. Sare yetu ni sketi na suruali za bluu na sweta za bluu. Watoto arobaini wa bluu kwenye pori la mbung'o! Nikaandika: kaki, wote, hata kama ni mashati ya mtumba.

Pori lenyewe linachukua jina lake kwa mito miwili inayokwenda kumwaga maji Ruvuma. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, upande wa Niassa, na wanyama hawana pasipoti: tembo wanavuka maji yakipungua, wanarudi wanapotaka. Siku hiyo tuliona palahala dume, pembe zake zimepinda kwenda nyuma kama upinde, amesimama kwenye kivuli cha mtondoo akitutazama bila wasiwasi. Tuliona kuro, tuliona ngiri, tuliona viboko kwenye bwawa la mto na mamba mmoja mchangani. Nyasi zilikuwa shida. Mwezi wa sita bado hazijaungua, zinafika kifuani, na mnyama mwenye kimo cha chui anaweza kupita hatua tano kutoka kwako usimwone. Askari akasema watu wengi wakija wakati huu huondoka wakilalamika kwamba pori ni tupu.

Tukashuka kwenye gari, tukatembea kwa mstari mmoja kwenye mchanga wa kijito kilichokauka, askari mmoja mbele, mwingine nyuma. Hapa ndipo nilipoanza kuona. Nyasi zinaficha, mchanga hausemi uongo. Askari alichuchumaa kila baada ya hatua chache. Huyu fisi, angalia kucha zimechora mbele ya vidole. Huyu nungunungu. Huyu pongo na mtoto wake. Kisha akanyamaza, akaweka kiganja chake ubavuni mwa alama moja.

Vidole vinne, mviringo, hakuna alama ya kucha. Kisigino kina mawimbi matatu upande wa nyuma. Upana kama sentimita 8, mdogo mno kuwa wa simba. Kingo za alama zilikuwa bado zimesimama wima, mchanga haujaporomoka.

"Wa jana usiku," akasema. "Dume. Jike wayo wake ni mwembamba zaidi."

Nilipiga magoti pale nikautazama wayo ule kwa muda ambao dereva aliniambia baadaye ulikuwa robo saa. Dume wa chui anaweza kufikisha kilo 60 na kuzidi, na alikuwa amepita pale peke yake akitembea katikati ya kijito kama mtu anayetembea barabarani kwao. Mjomba alisimama nyuma yangu bila kusema neno.

Kabla hatujafika kambini tulikuta na kingine. Waya wa breki ya baiskeli umefungwa kitanzi kwenye mti mdogo, urefu wa goti, katikati ya njia ya wanyama. Mtego. Aliyeutega huenda alitaka pongo au funo apeleke nyama nyumbani, lakini kitanzi hakichagui shingo. Askari akaufungua taratibu, akaukunja, akautia mfukoni. Akasema mfuko ule haukai mtupu. Njiani nilimwuliza kuhusu uwindaji wa chui wenyewe, ule wa halali. Ngozi za chui zilikuwa biashara kubwa ya dunia mpaka CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulipoanza kufanya kazi mwaka 1975 na kumweka chui kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi. Mkataba huo huo unairuhusu Tanzania hadi chui 500 kwa mwaka wa kuwindwa kitalii, na wanaoruhusiwa ni madume. Nitawaeleza wanafunzi yote mawili, waya na kibali, na nitawaacha wabishane. Mimi msimamo wangu ni kwamba waya ndio unaoniogopesha zaidi, kwa kuwa hauhesabiwi na mtu.

Kambi tuliiweka mbali kidogo na mto, chini ya mkuyu mkubwa. Turubai, mahema mawili, moto. Mjomba akalala nje karibu na moto, akasema hema linamziba masikio.

Saa nane usiku akanigusa mguu kupitia kitambaa cha hema. Hakuniita. Nikatoka nikakaa.

Mwanzo sikusikia kitu ila vyura na maji. Kisha, upande wa mashariki, mbali, ukaanza. Unavuta, unarudi. Unavuta, unarudi. Mara kumi, kumi na mbili, ukakoma. Kimya. Nyani kwenye miti ya mtoni wakalipuka kwa kelele, wakanyamaza pia. Ukaanza tena, safari hii karibu zaidi, na niliusikia kifuani kabla ya kuusikia masikioni. Mjomba alikuwa ameshika mkono wangu. Nilipomtazama kwa mwanga wa makaa, uso wake haukuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina la rafiki yake wa zamani likitajwa redioni.

"Ndiye," akasema. "Ndiye yule yule."

Siku ya tano, Ijumaa

Kulipopambazuka tukakuta nyayo zake juu ya alama za matairi yetu. Alikuwa amepita kati ya gari na mto, hatua kama thelathini kutoka mahali tulipolala.

Tulizifuata mpaka jua lilipokaa vizuri. Zilipotea kwenye majani, askari akazipata tena, zikapotea. Aliyetusaidia ni tai mmoja aliyetulia juu ya mti mkavu akiangalia chini upande mmoja tu. Tulipokaribia tukaona mguu unaning'inia kwenye panda ya mtondoo, mita nne hivi kutoka chini. Pongo jike, amening'inizwa kama khanga kwenye kamba, ameliwa upande wa paja. Kwenye gome palikuwa na michubuko mipya, mirefu, ya makucha. Mnyama wa kilo 60 alikuwa amepandisha nyama yenye uzito wa karibu nusu yake, kwa meno, akiwa anapanda mti wima, ili fisi na simba wasimnyang'anye.

Tukarudi nyuma, tukajificha kwenye kichuguu upande ambao upepo unatoka kwa chui kuja kwetu, na tukakaa. Saa tano, sita, saba. Mbung'o walituuma na hatukuwapiga, tuliwabana taratibu kwa kidole. Dereva alilala. Mimi nilihesabu: nani kati ya wanafunzi wangu anaweza kukaa saa tano bila kusema? Nikawapitia kwa majina, darasa zima. Nikapata kumi na wanne. Yule kijana wa nyuma yumo, nikikumbuka anavyokaa kimya wakati wenzake wanapiga kelele.

Saa kumi na mbili kasoro askari akatugusa mabega. Sheria yake ni kwamba kiza hakitukuti nje ya gari. Tukaondoka mwanga ungalipo, nikigeuka kila hatua mbili. Usiku ule hakulia.

Siku ya sita, Jumamosi: kurudi

Tulipita pale mtondoo asubuhi na mapema. Panda lilikuwa tupu. Chini palikuwa na kipande cha ngozi, kwato moja, na nyayo zake zikizunguka shina, zikielekea kwenye kichuguu chetu. Alikuwa amekuja akanusa pale tulipokuwa tumekaa. Mchanga ulionyesha kabisa mahali alipoketi.

Langoni niliandika mpango mpya, askari akiwa ananisikiliza na kunirekebisha. Wanafunzi kumi na wanne, siyo arobaini. Wiki ya pili ya Juni. Siku tano badala ya mbili, nusu siku ya kwanza Mpombe. Kambi pale pale chini ya mkuyu. Mchana kulala na kusoma nyayo, kazi ianze saa kumi jioni na saa kumi na moja alfajiri. Asiletwe mwenye redio, asiletwe mwenye manukato. Wenzao watakaobaki tuwatafutie safari ya Nyerere siku za mbele, kwa basi la shule, pesa zikipatikana. Askari akaniambia hata kwa mpango huo hawezi kuniahidi. Nikamwambia siwaahidi watoto kumwona, nawaahidi watamsikia.

"Watajuaje kwamba ni yeye?" Mjomba akauliza kutoka ndani ya gari.

Nikakosa jibu.

Tulipofika Masasi, Mjomba hakuteremka kwa utulivu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akavuta vitu vilivyowekwa juu ya dari la jiko, akatoka na gunia limefungwa kamba. Ndani yake msumeno, mrefu kuliko mimi, umepakwa mafuta ya zamani yaliyogeuka meusi. Akaugonga kwa kucha, ukaita. Akamwita mwanawe ashike upande wa juu, gogo la mkorosho likawekwa kwenye mawe, naye akapiga magoti akashika upande wa chini.

Unavuta, unarudi. Mbuzi wa jirani wakainua vichwa.

"Shule inafunguliwa lini?" akauliza, unga wa mbao ukimwangukia kwenye nyusi. "Gari lako lina nafasi ya huu?"

Tuliufunga juu ya paa la gari, pamoja na tairi jipya la akiba, tukashika njia ya Ndanda.